Mama Mkwe Katikati ya Kijito

Kwa kawaida Klaudia hakuwa mtu wa kukasirika kabla ya uji. Alikuwa na utaratibu wake: kwanza uji, halafu kuku, halafu hasira, na wa kuionja kwanza huwa yule jogoo wake mvivu. Lakini siku ile hasira ilimfuata kitandani, maana jirani yake Immakulata aliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi.

"Mama Benigna, amka! Mkwe wako amekuja kuiba kijito."

"Umelewa asubuhi yote hii? Kijito kinaibwaje?"

"Kwa picha. Kaja na Mswahili mmoja wa Bukoba mjini, kabeba sanduku lenye miguu mitatu. Wameshapita kwa mwenyekiti Kagaruki, sasa wanapanda Nyarweru. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia, 'Piga maji tu. Migomba isionekane hata jani.'"

Klaudia akakaa kitako. Akavuta kitenge, akajifunga kwa nguvu kama anayefunga mzigo wa kuni, akachukua mtungi, akatoka. Uji ukabaki jikoni unapoa peke yake.

Ili mtu aielewe hasira hiyo inabidi akione kijito chenyewe. Nyarweru kilitoka juu kwenye miamba, kikashuka kwa kurukaruka kati ya mawe, kikapita pembeni ya kibanja cha Klaudia, shamba lake la migomba, kikipiga kelele kama mtu anayedai haki yake. Hakikukauka hata ule mwaka wa njaa. Migomba ya pale ilikuwa minene, imelishwa samadi na mama mkwe wa Klaudia, na mama mkwe wa mama mkwe wake, na katikati ya migomba hiyo alilala marehemu mumewe Rugemalira, mahali alipopachagua mwenyewe kwa sababu, alisema, anataka aendelee kusikia maji. Mkewe alikwisha kumsikia vya kutosha.

Sasa ulikuwa mwaka wa Operesheni. Watu wote wa mlimani walitakiwa kuteremka wakakae kijijini, na kijiji chenyewe kilikuwa bado vigingi vilivyopangwa mistari kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi ngumu iliyo chini, ambako hata mbuzi huenda kwa kuburutwa. Hakuna mgomba uliowahi kukubali kuota pale. Maji ndiyo usiseme. Mabomba yalikuwepo, ni kweli. Yalianza kufukiwa kutoka rweya kupanda mlima yakutane na Nyarweru, yakaisha njiani, kama mtu aliyejenga ngazi akasahau nyumba. Lakini kwenye taarifa iliyopelekwa mkoani, maji yalikuwa yanatoka tangu Pasaka. Aliyeandika taarifa ni Bwana Mipango, na Bwana Mipango ni Apolinary, na Apolinary ndiye aliyemwoa Benigna, binti wa pekee wa Klaudia.

Jumamosi ile angekuja mgeni mkubwa kutoka mkoani. Alikuwa ametuma neno kwamba kwingine amekwisha kudanganywa, kwa hiyo safari hii anataka kuonyeshwa picha ya maji yanayotiririka. Akiridhika, watu wa mlimani wanaezuliwa nyumba. Na haikuwa maneno matupu. Kwa majirani walikwisha kuezua: nyasi zilishushwa kwanza, ndipo wenye nyumba wakaulizwa kama wako tayari kuhama.

"Si umwambie wewe? Si mkweo?" watu wengine walimuuliza Klaudia, lakini hao walikuwa watu wa kuja. Mwenyeji asingeuliza. Kwa desturi ya pale, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia kwenye migomba, anageuka, anaukodolea mkungu wa ndizi kana kwamba ndiyo kwanza auone, mpaka mama apite. Hamgusi. Hamtaji jina. Wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu, nalo ni neno la salamu, si la ugomvi. Klaudia alikuwa ameyashika hayo tangu siku ya posa. Na hapo ndipo hasira ilipompanda mara mbili: mtu anayetaka kumtenga na kaburi la mumewe ndiye mtu pekee katika mkoa mzima wa Ziwa Magharibi ambaye hawezi kumfokea.

"Na rubisi ya posa, ile pombe ya ndizi, niliinywa mwenyewe," alikuwa akisema kwa uchungu. "Nikaisifu. Nikaomba nyingine."

Alipofika kijitoni, wanawake walikuwa wamejaa juu ya mawe na mitungi yao, maana ilikuwa saa ya kuteka. Mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufuma alikuwa ameinamia miguu ya kamera, mguu mmoja umezama topeni. Huyu ni Yunus, mwenye studio ndogo nyuma ya soko la Bukoba, aliyewapiga picha maharusi wa nusu ya mji na kuwakataza wote wasicheke.

Apolinary alisimama juu ya jiwe kavu, ndani ya kaunda suti, faili kwapani, akitoa amri kwa mikono na kwa kidevu. Nyuma yake alisimama Kagaruki, mwenyekiti wa kijiji, amemshikia mwavuli ingawa mvua haikuwepo. Klaudia akajibanza nyuma ya mti, kama desturi inavyotaka, akasikiliza.

"Fanya haraka, Ndugu Yunus. Nataka maji yanayokwenda, siyo bwawa."

"Mheshimiwa, hapa pana giza, miti imefunika," Yunus akasema. "Jicho la kamera inabidi nilifungue kitambo kirefu. Na filamu ni hii moja. Bukoba nzima hakuna nyingine mpaka Mwanza wakumbuke kutuletea."

"Visingizio vya mabepari hivyo! Una duka, una kiti cha kuzunguka, unakaa kivulini wenzio wanalima, halafu unaniambia habari za filamu. Mnyonyaji wewe. Leseni yako inapita mezani kwa nani?"

Yunus aliuchomoa mguu wa kamera topeni, akaupangusa polepole sana kwa vidole vyote, kama anayekaba shingo ya mtu fulani.

"Na ninyi akina mama, ondokeni hapo!"

"Maji haya ni ya kupikia, mheshimiwa," Immakulata akamjibu. "Au tukapike hotuba?"

Wanawake wakacheka. Kagaruki akatazama chini, akauhamishia mwavuli mkono wa pili.

"Waache wapite tu, mheshimiwa, hawaharibu kitu," Yunus akasema. "Picha ya namna hii haimshiki mtu anayepita. Anayepita anafutika, kama vile hakuwepo. Inamshika aliyetulia: jiwe, gogo, mti. Maji yenyewe yatatoka meupe, laini, kama maziwa yanamwagwa."

"Ngoja kwanza, mzee wangu," akasema Immakulata. "Mimi ninayepanda na kushuka hapa na mtungi tangu sijaota matiti, sitaonekana. Hili jiwe ambalo halijawahi kuchota hata kikombe, litaonekana?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Kumbe na kamera nayo ni ya ofisini."

Wakacheka tena mpaka mitungi ikagongana. Klaudia peke yake hakucheka. Maneno ya Yunus yalikuwa yamemwingia mwilini na hayatoki. Anayepita anafutika. Alifikiri habari za kina mama wote waliopita kwenye mawe yale, migongo imepinda, mama mkwe wake na waliomtangulia, na sasa mtu aliyekuja kwa gari asubuhi anataka kupeleka mawe mkoani na kusema, tazameni, hapa hakuna mtu, ni maji yetu ya rweya. Akahisi hasira ikishuka kutoka kichwani mpaka miguuni, na miguu ikaanza kutembea.

Apolinary aliuona ule ukingo wa kitenge kwa pembe ya jicho. Mwili wake ulijua kabla ya kichwa. Aligeuka mara moja akaukabili mwamba uliokuwa nyuma yake, pua imekaribia kugusa ukungu wa kijani, faili ameliinua shavuni kama kipande cha ukuta. Hata mikono yake, iliyokuwa haina raha tangu asubuhi, ikatulia.

"Kagaruki," akanong'ona kuuambia mwamba. "Ni nani huyo?"

"Ni... ndiye, mheshimiwa."

Klaudia akasimama ukingoni, akapiga goti dogo la heshima kuelekea mgongo wa kaunda suti. "Kagaruki, waitu, tafadhali nisalimie mkwe wangu. Mwambie naingia majini."

"Anaingia majini," Kagaruki akaupasha habari mgongo.

"Mwambie apite salama," Apolinary akajibu mwamba. Jasho lilikuwa linamshuka masikioni. "Ndugu Yunus! Unangoja nini? Si umesema anayepita anafutika? Piga basi, jua linakimbia!"

Yunus akaingia chini ya kitambaa cheusi, akatoka, akashika kile kifuniko cha jicho la kamera, akakichomoa. Kisha akaanza kusoma kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Yeye hakuwa na saa. Picha zake zote alizipima kwa kusoma sura ya Kulhuwallahu, na kwa picha ya gizani aliirudia mara kadhaa. Wanawake, ambao ni Wakatoliki na hawajui mambo ya studio, walipomwona Mswahili anasoma dua juu ya maji yao walijipiga ishara ya msalaba wote kwa pamoja, mitungi kichwani.

Klaudia akafika katikati. Hapo hakupita.

Maji ya Nyarweru yana meno. Yalimuuma kwenye mashavu ya miguu, yakamsukuma, yakajaribu kumchukua kitenge. Akazikaza nyayo juu ya changarawe, akaukumbatia mtungi wake mtupu kifuani, akaitazama ile kamera katika jicho lake jeusi kama alivyotamani kumtazama mtu mwingine. Inzi akatua puani. Inzi wa aina ile ambaye ukimfukuza anarudi na jamaa zake. Akamwacha. Akaanza Salamu Maria kwa ndani, bila kufungua mdomo, na kila alipofika "sasa na saa ya kufa kwetu" aliona nyasi za paa lake zikishushwa na vijana wanaocheka, na Rugemalira pale chini ya migomba akisikiliza, anasikiliza, hasikii mtu akiteremka kuchota. Alitetemeka kwa ndani tu. Nje alikuwa gogo.

Yunus aliona kwamba mama huyu hapiti. Kifuniko kilikuwa mkononi mwake. Angeweza kukirudisha, akapiga kelele, akamtoa. Macho yao yakakutana kwa juu ya kamera. Mzee akakumbuka neno "mnyonyaji", na hasa akakumbuka kile kiti cha kuzunguka, ambacho alikirithi kwa baba yake na hakizunguki tena. Akaianza sura upya, kwa utulivu, kwa kuvuta kila herufi, kama imamu ambaye hana haraka ya kwenda kufuturu.

"Amekwisha kupita?" Apolinary akauliza mwamba.

Kagaruki akamtazama Klaudia. Mwenyekiti yule alikuwa mwoga, tena mwoga wa kuheshimika, anayejulikana mpaka Kimwani. Lakini na yeye alikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na paa.

"Jicho bado liko wazi, mheshimiwa," akasema. "Usigeuke."

Yunus akafunika. Klaudia akatoka majini bila kutazama nyuma, na Apolinary alipogeuka hatimaye aliona mawe, maji, na wanawake waliokaa kimya kama wako kwenye misa ya maiti.

"Imetoka?"

"Imetoka, mheshimiwa. Ila kusafisha na kuikuza itachukua muda. Nitaileta mwenyewe Jumamosi, kwa basi."

Kabla ya kuteremka kwenda kungoja gari, Yunus alipitia kwa Klaudia kukausha miguu. Klaudia alimpa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyopewa mgeni yeyote, lakini kwa uso uliokunjamana hivi kwamba mzee alisita kunyoosha mkono.

"Utanitoa kwenye hiyo picha yako?" Klaudia akauliza. "Nasikia ninyi mnaweza kumkata mtu kwa mkasi."

"Mimi sijaona mtu, mama. Nilikuwa chini ya kitambaa, na humo ndani dunia yote iko miguu juu. Nitajuaje aliyekuwepo?" Akatafuna kidogo. "Aliniita mnyonyaji."

"Nilisikia."

"Mbele ya wanawake."

"Nilisikia, nimekwambia! Kula kahawa."

Jumamosi rweya ilipambwa. Waliweka turubai, wakapanga viti, na kwa kuwa pale hapaoti mgomba walikwenda kukata migomba ya Nyarweru ili kutengeneza lango la kumpokea mgeni. Miwili ilikuwa ya Klaudia, imebeba mikungu michanga. Klaudia aliitambua alipoifikia. Akaipapasa. Immakulata anasema alisikia meno yakisagana.

Karibu na turubai palikuwa na kibomba kimoja kilichosimamishwa kwenye kijukwaa cha saruji, kimefunikwa kitambaa. Apolinary alimweleza mgeni kwamba kitambaa kitafunuliwa mwishoni kabisa, kwa heshima zote, baada ya ngoma, kwaya, risala, na kwaya ya pili. Alikuwa ameupanga ule mwisho uwe mbali sana, mbali kuliko safari ya mgeni ya kurudi Bukoba. Picha ndiyo ingetangulia kusema.

Na picha ikachelewa. Basi liliharibika, Yunus akaja amekaa juu ya magunia ya kahawa kwenye lori, amekumbatia bahasha kubwa upana wa sinia. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Apolinary akamkimbilia amnyang'anye, lakini mgeni, mtu mnene wa kusini mwa nchi asiyependa kwaya, alikwisha kunyoosha mkono.

"Lete hapa, ndugu. Mimi ndiye niliyeiomba."

Akaitoa kwenye bahasha. Akaitazama, akaisogeza, akaiweka mbali, akavaa miwani. Kwaya ikanyamaza yenyewe.

"Haya maji yanapendeza," akasema. "Kama maziwa. Na huyu mama je?"

Apolinary akasogea, tabasamu limekwisha kuandaliwa, akainama kutazama. Pale, katikati ya weupe ule, mkali kama amechongwa, kila uzi wa kitenge ukihesabika, alisimama mama mkwe wake, anamtazama machoni.

Alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akainamisha uso, akabaki anatazama viatu vyake.

"Ndugu, nakuuliza. Hapa ni wapi?"

"Ni... chanzo cha maji ya kijiji hiki, mheshimiwa," Apolinary akaviambia viatu.

"Basi nionyeshe. Hilo bomba linaanzia upande gani?"

Apolinary akanyoosha kidole kuelekea picha, uso ameugeuzia kulia, macho ameyafumba. Kidole kikapapasa hewani, kikateremka, kikatua barabara kifuani kwa mama mkwe.

"Yuuuu!" rweya nzima ikaguta. Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga. Mzee mmoja akasimama, akakaa, akasimama tena. Apolinary alikivuta kidole chake akakificha kwapani.

"Wewe unaumwa macho?" mgeni akauliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Mbona huitazami picha yako mwenyewe? Huyu ni nani?"

"Siwezi kumtaja, mheshimiwa."

"Huwezi kumtaja! Kwani ni siri ya Serikali?"

"Muulize mwenyewe, mheshimiwa," Immakulata akapaza sauti kutoka kwa wanawake. "Yupo hapa. Siku hizi hatupiti, tunakaa."

Klaudia akainuka. Apolinary akamwona akiinuka, akazunguka haraka akajificha nyuma ya kiti cha mgeni, amechuchumaa, faili kichwani. Na Klaudia alipokuwa anatembea katikati ya watu, ndipo alipogundua jambo ambalo nusura limfanye acheke. Huyu mnene aliyekaa kitini hakuwa mkwe wake. Hakumwoa binti yake. Hapakuwa na desturi hata moja, ya mbinguni wala ya duniani, ya kumzuia asimfokee huyu.

Basi akamfokea.

"Huyo ni mimi! Na hapo si hapa. Hapo ni kwangu, kule juu unakoona miti, na kwa miguu yako hiyo ukianza sasa utafika umevuliwa koti. Haya mabomba yenu yamekufa katikati ya mlima, hata fisi anayajua. Na lile lango ulilopita kwa kupigiwa makofi ni migomba yangu, mmeichinja na mimba! Mnasema mnatuletea maji. Maji tunayo! Mnatutoa kwenye maji mtulete kwenye kitambaa. Mume wangu amelala kule. Atambeba nani, wewe au huyo aliyejificha nyuma ya kiti chako? Na kama nasema uongo, nifungulie hilo bomba ninywe, maana nimefoka na koo limekauka!"

Mgeni akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Uso wake ulikuwa umewiva, na kwa muda hapakuwa na mtu aliyejua hasira ile itamwangukia nani. Kisha akanyanyuka, kiti kikaanguka kikampata aliyekuwa nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwenye kijukwaa akakivuta kile kitambaa.

Akafungua bomba. Halikutoa kitu. Akafungua zaidi. Lilipumua kidogo, kama mtu aliyeamshwa. Mgeni akaingiza kidole, akachokoa, akatoa donge la udongo mkavu, na nyuma ya donge akatoka nyigu mmoja, amekasirika kweli, akazunguka kichwa cha mgeni akaondoka zake.

"Nyigu amejenga humu," mgeni akasema taratibu. "Amejenga akamaliza."

"Angalau tumepata mmoja aliyehamia kwa hiari," akasema Immakulata.

Mgeni hakucheka, wala hakungoja chakula, ingawa ng'ombe alikwisha kuchinjwa. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba hakuna paa la mlimani litakaloguswa mpaka yeye mwenyewe aje anywe maji ya bomba lile. Akaingia garini. Mpaka leo hajaja kunywa.

Mtu atadhani hapo Klaudia alipoa. Hakupoa. Kwanza, migomba yake miwili ilikuwa imekufa. Pili, hazikupita mvua nyingi Apolinary akahamishwa, lakini akahamishiwa Bukoba, meza kubwa zaidi, na nyumba yenye umeme.

"Wao wakidanganya wanahamishiwa kwenye taa," Klaudia alisema. "Sisi tukisema kweli tunaachwa tulipokuwa, na tunaambiwa tushukuru."

Tatu ni ile picha. Mgeni aliiacha palepale chini ya turubai, Yunus akamletea. Klaudia aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama, akakasirika upya.

"Ndiyo mimi huyu? Nimenuna hivi? Nafanana na mtu aliyemeza kuku na manyoya yake!"

"Umetoka vizuri sana, mama. Sijawahi kupata mtu aliyetulia namna hiyo."

"Nipige nyingine. Nicheke."

"Kwa giza la kule haiwezekani. Kicheko hakikai, mama. Kinapita, kinafutika. Hasira ndiyo inayotulia."

"Basi toka, na kahawa yangu usiile."

Akala, lakini akiwa amesimama.

Benigna alikuja kutoka Bukoba mwezi uliofuata, na hakuja kusalimia. Alisimama uani na pochi yake, macho mekundu. "Mae, mama yangu, umeniaibisha! Mume wangu ameshika kifua chako mbele ya watu! Wananiimbia sokoni!"

"Alishika karatasi."

"Ni kifua! Na mimi ndiye ninayekaa naye, hali, halali, anasema anaona maji." Akaingia ndani, akaiona picha ukutani, akaing'oa pamoja na msumari. "Hii nakwenda kuichoma moto."

Klaudia alitaka kumfokea, lakini aliona wako sawasawa, mama na mwana, wamesimama mlangoni na mkunjo uleule wa uso, akamwacha aende nayo.

Picha haikuchomwa. Immakulata, aliyekwenda Bukoba kuuza senene, ndiye aliyerudi na habari. Anasema Benigna ameitia fremu. Siku ambazo Apolinary anarudi mapema, na mshahara wake wote, na bila harufu ya rubisi, picha inakaa sandukuni. Siku nyingine anaitundika sebuleni, juu ya meza ya chakula, chini ya taa. Bwana mkubwa akifika mlangoni akaiona, anageuka akitazama ukuta, anapapasa kwa mgongo mpaka jikoni, na huko anakula amechuchumaa karibu na mafiga, kimya.

"Mara nyingi?" Klaudia akauliza.

"Jikoni wameshamwekea kigoda."

Klaudia akanuna palepale, akamgeukia yule jogoo akamtupia gunzi. Lakini Immakulata anaapa kwamba mabega yalikuwa yanatikisika, na kwamba kama Mswahili yule angekuwepo na sanduku lake, angemkuta amefutika kabisa.